Lita moja iliyobaki: kisa cha mwalimu wa Tanga na kipimo cha utumbo mpana

Mhusika ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari mjini Tanga, umri miaka 47, anaishi Makorora na mkewe na watoto watatu. Ana presha inayotulia kwa amlodipine, kidonge kimoja kila asubuhi. Hana kisukari, havuti sigara. Hajawahi kuona damu chooni, hajakonda, na choo chake hakijabadilika. Kwa maelezo hayo mtu angemuuliza amefuata nini kwenye kolonoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa nyuma kutazama utumbo mpana. Ameniruhusu kuandika habari zake na amenionyesha karatasi zote, kwa sharti jina lisitajwe. Nitamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita.

Niseme mapema ninachokiona katika kisa hiki. Watu wakizungumzia kipimo hiki huzungumzia kamera na bomba lake, na wapi linapitishwa. Kwa Mwalimu kamera ilifanya kazi yake kwa muda wa nusu saa hivi, bila vituko. Mambo yaliyoamua kipimo kifae au kisifae yalitokea kabla hajafika kitandani: moja lilikuwa ndani ya bahasha iliyofichwa mtaa wa Ngamiani, hapohapo Tanga, jingine ndani ya dumu la dawa alfajiri ya siku yenyewe.

Bahasha

Kaka yake Mwalimu, aliyemzidi miaka sita, alifariki akiwa na miaka 50. Mtaani ilisemwa bawasiri imemshinda. Wengine walisema vidonda vya tumbo. Ni kweli alitoa damu kwa zaidi ya mwaka, na kila mtu alikuwa na dawa yake: vidonge vya kuweka nyuma kutoka duka la dawa, beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, mizizi kutoka kwa mganga wa Muheza. Kudhani bawasiri si ujinga. Mtu wa makamo akitoa damu nyekundu, mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Tatizo ni kuendelea kudhani hivyo mwezi wa sita, mwezi wa kumi, bila kidole cha daktari wala kamera kuthibitisha. Tumbo lilipofunga kabisa akapasuliwa usiku kwa dharura, akatoka na mfuko wa kinyesi ubavuni.

Mfuko ule ndio uliofunga midomo. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Akaacha kwenda, akasingizia miguu. Akamwusia mkewe asimweleze mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Mke akaushika wasia. Miaka mitatu baada ya msiba, ndugu walipokaa kutafuta hati ya kiwanja kwa ajili ya mirathi, mjane akatoa bahasha ya kaki na kuiweka mbele ya Mwalimu.

"Shemeji, hizi karatasi za kakako. Aliniusia nisizitoe. Lakini nakuona na wewe mvi zinakuingia, nami usingizi hauji."

"Mbona hukuniambia wakati ule, shemeji?"

"Ungemwendea ukamuuliza. Ningekuwa nimemvunjia heshima yake."

Ndani mlikuwa na ripoti ya patholojia, yaani ya maabara iliyopima uvimbe wenyewe: saratani ya utumbo mpana, sehemu ya chini kushoto iitwayo sigmoidi, imeshafika kwenye tezi za limfu. Tarehe ilionyesha kaka alikuwa na miaka 49.

Mjane simlaumu. Aliyekabidhiwa siri na mume anayekufa ana mzigo wake, na hakuna muuguzi wala daktari aliyemwambia kwamba karatasi ile ilikuwa inawahusu ndugu wa mumewe pia. Hapo ndipo ninapoona pengo. Mgonjwa wa miaka 49 anapokutwa na saratani ya utumbo, ndugu zake wa baba na mama mmoja ni watu wa kuitwa. Kwa kaka hakuna aliyeitwa.

Mwalimu alipiga hesabu nyuma ya bahasha ileile. Kanuni inayofuatwa sana, hasa Marekani, ni hii: aliye na mzazi, kaka, dada au mtoto aliyepata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 60 aanze kolonoskopi akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri wa yule ndugu alipogunduliwa, umri wowote utakaotangulia. Kutoa 10 kwenye 49 ni 39. Siku ripoti ilipochapwa, Mwalimu alikuwa na miaka 43, maana yake zamu yake ilikuwa imekwishapita. Miaka minne zaidi aliikaa bila kujua.

Kwa mtu asiye na historia hiyo mambo ni tofauti, na nchi zinatofautiana. Marekani ilikuwa ikianza miaka 50. Mwaka 2021 jopo lao la kitaifa la ushauri wa kinga likashusha hadi 45, na kolonoskopi ikiwa safi, nyingine ni baada ya miaka 10. Uingereza humtumia mtu kipimo cha choo nyumbani kwa posta, na kamera ni ya wale ambao choo chao kimeonyesha damu. Tanzania haina mpango wa kitaifa unaomwita mtu kwa umri wake kuangaliwa utumbo, kama ulivyopo wa shingo ya kizazi kwa wanawake. Kwa hiyo mtu wa Tanga asiyeumwa hufika kwenye kipimo hiki kwa njia mbili: awe na fedha na hofu, au awe na habari za ukoo. Mwalimu alipata habari za ukoo, kwa kuchelewa.

Kuna wazo jingine lililomchelewesha, nalo ni kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Lina asili yake. Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliona saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda chakula chao chenye makapi (nyuzinyuzi) mengi ndicho kinachowakinga. Hoja ya makapi ina uzito hadi leo. Lakini Burkitt aliwatazama watu wa dona, maharage na mihogo, waliotembea kwa miguu. Mwalimu anakula chipsi mayai mara tatu kwa wiki na bodaboda humshusha mlangoni. Takwimu za hospitali za Ocean Road na Muhimbili, Dar es Salaam, za miaka ya 2005 hadi 2015 zilionyesha wagonjwa wa saratani hii wakiongezeka sana, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwishakwenda mbali, kama kaka.

Alikwenda Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, na bahasha mkononi, akapewa barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Aliuliza kama kipimo cha choo kisingetosha. Kwa jirani yake wa umri huohuo asiye na historia, kingeweza kuwa mwanzo mzuri. Kwake hapana: kipimo cha choo kinatafuta damu, na kinyama kidogo (polipu), kiotacho ukutani mwa utumbo, kinaweza kukaa humo miaka bila kutoa damu. Lengo la kamera kwa mtu kama yeye ni kukikuta kinyama hicho mapema na kukikata palepale. Vinyama vingi havigeuki saratani. Vile vinavyogeuka huchukua aghalabu miaka kumi hivi. Muda huo ndio unaokifanya kipimo kiwe na maana kwa mtu asiyeumwa popote.

Tarehe ya kwanza aliyopewa iliangukia Ramadhani. Akaomba isogezwe hadi Shawwal, na hospitali ikakubali bila maneno. Naona ilikuwa sawa. Dawa ya kusafisha tumbo ni kunywa lita kadhaa, nyingine asubuhi, na mtu ambaye hana dalili hapotezi kitu kwa kusubiri wiki sita. Anayetoa damu, anayekonda au ambaye tumbo lake linafunga na kufunguka asisogeze tarehe kwa ajili ya swaumu wala harusi.

Wali mweupe na dumu

Karatasi ya maelekezo aliyotumiwa ilikuwa ya Kiingereza, na chakula chake kilikuwa cha watu wengine: jeli, biskuti za chumvi, mkate wa kuchoma. Mkewe aliisoma mara mbili akaiweka juu ya kabati. "Hapa hakuna hata kimoja tunachopika," alisema. Ikabidi wapigie simu hospitali, wakaulize kimoja kimoja.

Mantiki yake ukiishika, jiko la Tanga halina shida. Siku kadhaa kabla (hospitali yake ilitaka tatu, nyingine hutaka moja) unaacha kila kitu chenye mbegu, maganda na nyuzi. Mbaazi za nazi za asubuhi zikaondoka, na hilo ndilo lililomuuma, maana kwa Mwalimu asubuhi bila mbaazi na mahamri si asubuhi. Zikaondoka maharage, kisamvu, mchicha, bamia, mapera, matikiti, karanga, korosho, na kachumbari yote kwa sababu ya mbegu za nyanya. Wakabakiwa na wali mweupe, mkate mweupe, mayai, viazi vilivyomenywa, samaki na kuku wa kuchemsha. Mke alimpikia changu kwa limau na chumvi, bila pilipili, siku mbili mfululizo.

Siku ya mwisho ni vya maji tu, na viwe vya kuonekana upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa, madafu, soda nyeupe. Rozela, juisi ya zambarau na kila chenye wekundu viliwekwa mbali, kwa kuwa daktari akikuta rangi hiyo utumboni anaweza kuidhania damu. Kidonge cha presha aliambiwa akimeze asubuhi ya kipimo kama kawaida, kwa funda la maji. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, insulini au vidonge vya kuongeza damu lazima aulize wiki moja au zaidi kabla, kila moja ina utaratibu wake.

Sasa safari. Tanga hadi Dar kwa njia ya Segera na Chalinze ni kilometa 350 hivi, na dawa ya kuharisha hainywewi ndani ya basi. Walisafiri siku moja kabla, asubuhi. Mpwa wake wa Mbagala aliwakaribisha kwa moyo wote, lakini nyumba ile ni ya kupanga, choo kimoja cha uani, wapangaji sita. Mkewe ndiye aliyekataa. Akasema shemeji zake watamsamehe kwa kulala gesti, lakini foleni ya choo haitamsamehe mumewe. Wakachukua chumba chenye choo ndani huko Manzese. Ukiniuliza gharama ambayo mtu wa mkoani asiibane, ni hiyo ya chumba chenye choo chake.

Dawa ni unga unaochanganywa na lita nne za maji. Ladha yake ni chumvi yenye utelezi. Mwalimu aliiweka kwenye friji ya mapokezi, akakamulia limau, akanywa glasi moja kila robo saa kwa mrija. Lita mbili jioni, lita mbili alfajiri. Saa moja baadaye kazi ikaanza. Mke alikuwa amebeba ndoo ya akiba, maji ya kutawadhia ya kutosha na kopo la mafuta ya mgando. Aliyewahi kuharisha mara kumi na mbili usiku mmoja anajua mafuta hayo ni ya nini.

Saa nne usiku muuguzi wa kitengo alipiga simu, jambo ambalo ningependa kila hospitali ilifanye.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Choo kimekuwaje?"

"Maji tu."

"Maji ya rangi gani?"

"Kama ya chungwa. Na vipande vidogo."

"Bado. Lala, saa kumi alfajiri uanze dozi ya pili uimalize yote. Tunataka maji ya njano maangavu, kama mkojo."

Aliamka saa kumi. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kunywa taratibu na kumaliza saa mbili au zaidi kabla ya usingizi wa dawa, kama inavyotakiwa. Akanywa lita moja. Kisha akaanza kufikiria foleni ya Barabara ya Morogoro, bajaji, na hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Je, haja ikimshika kwenye mataa ya Ubungo? Choo kilikuwa kimeshakuwa maji, tumbo lilikuwa limejaa, kichefuchefu kimempanda. Lita iliyobaki akaimwaga kwenye sinki. Mkewe alikuwa anaswali.

Chumbani

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kwa Mwalimu palipita haraka. Alikuwa ameogopa kuliko alivyokiri. Kijiweni Makorora alikuwa ameaga kwamba anakwenda semina ya usahihishaji, maana mwanamume wa pwani akisema anakwenda kuingiziwa bomba nyuma hatamaliza mwaka bila jina jipya. Alivaa nguo ya hospitali yenye uwazi nyuma, akafunikwa shuka, akalala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa. Pazia lilifungwa, watu chumbani walikuwa watatu. Akachomwa midazolam, dawa ya usingizi, na dawa ya maumivu kwenye mshipa. Anakumbuka kuuliza saa, halafu anakumbuka mkewe akimpa chai. Kilichomsumbua baadaye ni gesi tu, na aliambiwa aitoe bila haya, kila mtu wodini anafanya hivyo.

Alitaka kuwahi basi la mchana kurudi Tanga. Wakamkatalia. Baada ya dawa za usingizi mtu haendeshi gari, hasaini mikataba na hasafiri peke yake kwa saa 24. Na aliyetolewa kinyama utumboni anahitaji kuwa karibu na hospitali angalau usiku huo. Utumbo kutoboka ni nadra, kwa kawaida chini ya mtu 1 kwa kila 1,000. Damu kutoka pale palipokatwa hutokea zaidi ya hapo, na inaweza kuja hata wiki mbili baadaye. Tumbo kuwa gumu na kuuma, homa, au damu nyingi ni dalili za kurudi hospitali hapohapo, si za kusubiri Jumatatu.

Ripoti

Ukipewa ripoti ya kolonoskopi, kabla hujauliza wameona nini, tazama kama wamefika mwisho. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na mwisho wake ni sikamu, upande wa kulia chini, penye tundu la kidole tumbo. Ripoti ya Mwalimu ina picha ya tundu hilo. Walifika. Ina pia muda wa kurudi nyuma, ambao ndio muda wa kutazama: unatakiwa usipungue dakika 6, na wake ulizidi.

Kwenye sigmoidi, sehemu ileile ya kaka, palikuwa na kinyama cha milimita 12 chenye shina. Kilinaswa kwa kitanzi cha waya, kikakatwa kwa umeme. Majibu ya patholojia: adenoma, yaani aina ya kinyama kinachoweza kugeuka saratani, seli zimeanza kubadilika kidogo, hakuna saratani, kimetoka chote. Adenoma ya milimita 10 au zaidi humfanya mtu arudi baada ya miaka 3 badala ya 10. Hadi hapo ni habari njema kabisa, na familia ikachinja kuku.

Lakini mstari wa juu kidogo, ambao hakuna aliyeusoma siku ile, unatoa alama za usafi. Wanatumia kipimo cha Boston: utumbo unagawanywa sehemu tatu, kila moja inapata alama 0 hadi 3, na kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Kushoto Mwalimu alipata 3, katikati 2, kulia 1. Upande wa kulia ulikuwa na uji wa kahawia umeganda ukutani, na chini ya uji huo kinyama cha milimita 5 hakionekani, hata kamera iwe mpya kiasi gani.

Ile lita iliyomwagwa ndiyo iliyokuwa ya upande wa kulia. Usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kumimina majimaji yake kwenye mwanzo wa utumbo mpana, hata kama tumbo halina chakula. Dozi ya jioni husafisha, na ifikapo asubuhi upande wa kulia umeshachafuka tena. Dozi ya alfajiri ndiyo inayoufikia. Kwa sababu hiyo dozi hugawanywa mbili. Karatasi ya maelekezo ilisema "maliza yote" kwa herufi nzito, lakini haikusema kwa nini, na mtu wa hisabati aliyenywa lita tatu kati ya nne akajihesabia robo tatu ya kazi. Angeelezwa sababu naamini angeimaliza, hata kwa kuchelewa na kumpigia muuguzi simu. Gesti ingekuwa ng'ambo ya barabara kutoka hospitali, angeimaliza pia.

Kwa hiyo kipimo kinarudiwa ndani ya mwaka mmoja, na hesabu ya miaka 3 itaanzia hapo. Mwalimu amechagua Desemba, baada ya mtihani wa kidato cha nne, na chumba amekwishakitafuta umbali wa kutembea kwa miguu.

Ukoo

Daktari alimuuliza swali moja wakati wa majibu ambalo bado halijajibiwa. Kuna mwanamke yeyote wa ukoo aliyepata saratani ya mji wa mimba? Saratani ya utumbo chini ya miaka 50 humfanya daktari afikirie hali ya kurithi iitwayo Lynch, ambayo kwa wanawake hushika pia mji wa mimba. Ikithibitishwa, kamera huwa kila mwaka mmoja au miwili. Mwalimu alikumbuka shangazi wa Pangani aliyetokwa damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, akafariki. Alikuwa na nini hasa, hakuna anayesema. Kipande cha uvimbe wa kaka, kama maabara imekihifadhi kwenye nta, kinaweza kupimwa hata leo, na mjane amekubali kusaini ombi.

Watoto wa kaka ni wadogo, mkubwa ana miaka 26. Kwa hesabu ya kawaida zamu yake ni akiwa na 39. Ikiwa ni Lynch, na yeye ameirithi, huenda ni sasa. Dada wa Mwalimu na marehemu kaka, wa Muheza, miaka 44, ni wa sasa kwa hesabu zote mbili, na hadi ninapoandika hajakubali. Anasema hana tumbo linalouma. Mwalimu alimjibu kwamba na yeye hakuwa nalo, akamwonyesha picha ya kinyama kwenye simu. Dada akaitazama kwa muda, akauliza jambo moja tu: daktari anaweza kuwa mwanamke? Aliombwa aseme mapema, siku ya kupanga miadi, ili hospitali imtafutie, na angalau muuguzi wa kike awepo chumbani. Amesema atafikiri.